Shirati Jazz: Mcheza kwao hutunzwa, na aliyechezea ng'ambo je?



Zipo bendi ambazo jina lake ni sawa na anwani. Ukisikia Morogoro Jazz, umeshajua barua uipeleke wapi. Ukisikia Tabora Jazz, hali kadhalika. Je, ukisikia Shirati Jazz?

Mtu wa Musoma au wa Tarime atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Shirati iko mkoani Mara, ufukoni mwa Ziwa Victoria, mahali panapojulikana sana kwa hospitali ya misheni ya Wamennonite, ambao walifika huko mwaka 1934. Lakini mwulize mtu wa Dar es Salaam, au hata wa hapa Mwanza, na wengi watakuambia bila wasiwasi kwamba Shirati Jazz ni bendi ya Kenya. Majibu yote mawili yana ukweli, na baina ya majibu hayo ndipo yalipo mazungumzo yetu ya juma hili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia aliyekwenda kucheza ng'ambo atatunzwa na nani.

Kiongozi wa bendi hiyo aliitwa Daniel Owino Misiani, na wapenzi wa muziki walimfahamu zaidi kwa herufi mbili tu: D.O. Alizaliwa mwezi Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati. Wakati huo nchi hii iliitwa Tanganyika, na sehemu zetu hizi za ziwani ziliitwa Jimbo la Ziwa, makao makuu yake yakiwa hapa hapa Mwanza. Husimuliwa kwamba wazazi wake walikuwa watu wa kushika dini, na kwamba gitaa la kijana wao halikuwafurahisha hata kidogo. Tusiwashangae. Katika familia nyingi za enzi zile, gitaa lilihesabiwa kuwa chombo cha wahuni na walevi, na mzazi aliyetaka mwanawe awe karani au mwalimu hakuwa tayari kumwona akilikumbatia.

Ili kumwelewa Misiani, hatuna budi kuitazama ramani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakagawana nchi za watu. Walichora mstari kuanzia mlango wa Mto Umba, kule pwani kaskazini ya Tanga, hadi ufuko wa mashariki wa ziwa hili, mahali panapopita latitudo ya digrii moja kusini. Shirati iko kusini kidogo tu ya hapo. Kalamu ya mchoraji ingeteleza kidogo, kijiji kile kingeangukia upande wa pili. Wajaluo wakajikuta wako nchi mbili, shangazi huku na mpwa kule, lakini lugha, harusi na matanga viliendelea kuvuka mpaka kama kawaida. Na muziki nao ulivuka.

Muziki wenyewe una asili ya kale. Wajaluo wana chombo kiitwacho nyatiti, chenye nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, akakwanyua nyuzi kwa mikono miwili, huku kidole gumba cha mguu kimevikwa pete ya chuma inayogonga mwili wa chombo, na njuga zimefungwa mguuni. Mtu mmoja, lakini ana sauti ya kuimba, ana nyuzi, ana mdundo na ana njuga. Kwa lugha ya siku hizi tungesema huyo ni bendi nzima iliyokalia kigoda kimoja. Kazi yake ilikuwa kusifu, kuomboleza, kukumbusha nasaba za watu na kuwasema wakubwa kwa mafumbo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili magitaa yalizidi kuenea katika nchi zetu, mengine yakiletwa na askari waliorejea kutoka vitani. Vijana wa kandokando ya ziwa wakafanya jambo la akili. Hawakuliacha nyatiti wakaanza upya. Walivihamishia vidole vya nyatiti kwenye gitaa. Badala ya kulipapasa gitaa zima kwa mkupuo, walichomoa sauti moja moja, kwa kasi, gitaa moja likiuliza na jingine likijibu. Besi nayo haikukubali kukaa nyuma na kutembea polepole. Ilikimbia mbele pamoja na wenzake. Muziki huo ukaitwa benga. Katika miaka ya 1960 John Ogara na bendi yake ya Ogara Boys ni miongoni mwa watu wanaotajwa kuwa wa kwanza kuutumia jina hilo. Misiani alikuwa katika kizazi hicho hicho cha mwanzo, na baadaye watu wengi wakamwita mfalme wa benga.

Wenye umri wangu mtakumbuka jinsi wimbo wa benga ulivyojengwa. Mwanzoni waimbaji wanaeleza habari yao kwa utulivu: fulani amefariki, fulani ameoa, fulani ni mkarimu, dunia imeharibika. Kisha sauti zinanyamaza. Gitaa la solo linapanda juu, besi inachachamaa, na hapo ukumbini hakuna anayebaki kwenye kiti. Santuri ndogo za wakati ule zilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo nyimbo nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Ukitaka kusikia magitaa yakichemka, ulilazimika kuinuka kuigeuza sahani.

Basi, katika miaka ya 1960 kijana wa Nyamagongo alivuka kwenda Kenya. Safari ya namna hiyo haikuwa kioja. Tulikuwa na reli moja, posta moja, na ziwani tulikuwa na meli moja. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilizunguka bandari za Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na za Uganda, ikipakia wafanyabiashara, wanafunzi, mizigo, na bila shaka santuri na magitaa pia. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 Misiani alianza kurekodi. Bendi yake ilipita katika majina kadhaa, likiwamo la Victoria Boys, lakini jina lililodumu ni lile la nyumbani: Shirati Jazz. Tuliweke moyoni hilo. Mtu huyu angeweza kuiita bendi yake Kisumu au Nairobi, kwa sababu huko ndiko waliko wanunuzi. Aliiita Shirati.

Sasa tujiulize swali ambalo watu wa kanda hii hatupendi kujiuliza. Kwa nini bendi yenye jina la kijiji chetu ililazimika kukulia kwa jirani?

Sababu ya kwanza ni kiwanda. Nairobi kulikuwa na mitambo ya kuchapa santuri, kulikuwa na makampuni ya kurekodi, na kulikuwa na maduka na wachuuzi wa kuzisambaza. Sisi Tanzania hatukupata kuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi. Bendi zetu zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, na nyimbo zikachezwa hewani nchi nzima kwa sifa kubwa, lakini sifa haiuzwi dukani. Aliyetaka santuri ilimpasa kutazama Kenya. Hata Mbaraka Mwinshehe, pamoja na ukubwa wa jina lake, alirekodi na kampuni za Nairobi, na alifia Mombasa kwa ajali ya gari mwezi Januari 1979. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, nao waliondoka wakaenda kuijenga Simba Wanyika huko huko Nairobi.

Sababu ya pili ni redio na lugha. Misiani aliimba zaidi kwa Kijaluo. Sauti ya Kenya ilikuwa na idhaa za lugha za makabila, na Kijaluo kilikuwamo. Huku kwetu redio ya Taifa ilizungumza Kiswahili, na sera hiyo ilitujenga. Wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani naibeza. Umoja tulionao hatukuuokota njiani. Lakini kila sera ina gharama yake. Mwanamuziki wa Morogoro aliyeimba Kiswahili alisikika Bukoba. Mwanamuziki wa Shirati aliyeimba lugha ya mama yake hakuwa na dirisha la kutokea, isipokuwa lile lililofunguka upande wa pili wa mpaka.

Sababu ya tatu ni mfumo. Bendi zetu nyingi kubwa zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha bendi za majeshi, za jumuiya za vijana na za mashirika ya umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vyombo si vyake, lakini mwisho wa mwezi alikuwa na mshahara. Kenya mwanamuziki alitafuta vyombo kwa jasho lake, akapatana na mtayarishaji, na wimbo ukishindwa sokoni naye hakula. Mfumo wao uliwaumiza wengi, lakini ulizaa santuri. Mfumo wetu uliwalea wengi, na nyimbo zao zikabaki kwenye kanda za redio.

Kwa Misiani, mtayarishaji aliyefungua njia aliitwa Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa santuri ambaye baadaye aliingia katika siasa za Kenya. Katika miaka ya 1970 Kanindo alizisambaza santuri za benga kwa maelfu, na si Nyanza tu. Zilikwenda kusini hadi kwa wananchi wa Zimbabwe, nchi ambayo wakati ule bado ikiitwa Rhodesia. Huko zilipendwa kiasi cha kuchangia kuzaliwa kwa mtindo wao wa sungura. Lakini sikilizeni jambo hili kwa makini. Watu wa Zimbabwe waliupa muziki ule jina. Hawakuuita Misiani, hawakuuita Shirati, wala hawakuuita benga. Waliuita Kanindo, kwa kuwa jina hilo ndilo waliloliona kwenye karatasi ya katikati ya sahani.

Simlaumu marehemu wala hai. Bila mtu wa kusambaza, santuri zile zisingetoka Kisumu. Ninachotaka tukione ni hiki: muziki ukisafiri, unasafiri na jina lililoandikwa juu yake. Kama jina lako halikuandikwa mahali panapostahili, utasikika mahali pengi na usijulikane popote.

Hapo nawageukia vijana wa mjini, nyinyi mnaopenda muziki wa roki wa Kimarekani, ule mzito wenye magitaa makali. Tuchukue bendi moja mnayoijua, Aerosmith ya mji wa Boston. Ilianzishwa mwaka 1970, ikatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1973. Walikuwa watu watano, nao waligombana kama wanavyogombana wanamuziki wa kila mahali. Mpiga solo wao, Joe Perry, alijiondoa mwaka 1979 na mwenzake wa gitaa la pili akafuata miaka miwili baadaye. Ulevi na dawa za kulevya nusura viwamalize. Wote wawili walirudi mwaka 1984, na bendi ikaendelea kupanda jukwaani miaka mingine 40, hadi mwezi Agosti 2024 ilipotangaza kuacha ziara kwa sababu koo la mwimbaji wake, Steven Tyler, lilikuwa limeumia.

Kwa nini niwalete Wamarekani hao katika habari za Shirati? Kwa sababu ya wimbo wao mmoja uitwao Walk This Way. Tyler na Perry waliutunga, ukatoka mwaka 1975. Mwaka 1986 vijana wa kufokafoka wa New York, Run-DMC, waliurudia kwa mtindo wao, wakiwaita watunzi wenyewe waje kushiriki. Wimbo wa miaka 11 ukawa mpya tena. Ukaitoa bendi iliyokuwa ikizama matopeni, na majina ya watunzi yalikuwa yameandikwa, mkataba ulikuwapo, na fungu lao lilikuwa linajulikana. Mrabaha maana yake ni hiyo: kila wimbo unapouzwa, unaporudiwa au unapochezwa hadharani, mtunzi hupata sehemu yake, hata akiwa amelala nyumbani kwake, hata akiwa amezeeka.

Misiani na Perry walipiga chombo kile kile, katika miaka ile ile. Tofauti haikuwa kwenye vidole vyao. Ilikuwa kwenye makaratasi.

Wakazi wa Mwanza wanalielewa jambo hili bila ya kufundishwa, kwa sababu tumeliona kwenye samaki. Sangara anavuliwa hapa hapa ziwani. Minofu inakatwa viwandani, inapakiwa kwenye barafu na kwenda Ulaya. Yanayobaki ni mapanki, kichwa na mifupa, nayo mama lishe anayakaanga na kuyauza mtaani. Nasi tunajisifu kwamba sangara ni wetu. Naam, ni wetu. Lakini mnofu umekwenda wapi?

Mwaka 1977 mambo yakawa mabaya zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Meli ya Victoria ikabaki kwetu, Kisumu ikawa mbali kama ng'ambo ya bahari. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1983. Kwa bendi iliyokuwa na nyumbani upande huu na soko upande ule, miaka hiyo sita si midogo. Huku kwetu santuri mpya zikawa adimu, na kanda za kunakili zikashika nafasi yake. Kanda moja ilizaa kumi, kumi zikazaa mia, na aliyepiga gitaa hakuona hata senti. Wengi wetu tuliomfahamu Misiani tulimfahamu kwa kanda za namna hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ulaya ikafungua masikio. Mwaka 1989 kampuni mbili za Uingereza zilitoa albamu za bendi hii: Earthworks ilitoa Benga Blast!, na Globestyle ilitoa Piny Ose Mer, maana yake dunia imelewa. Fikirini. Mnunuzi wa London alikuwa akiliona neno Shirati kwenye rafu ya duka, wakati ambapo vijana wengi wa Mwanza hawakujua kwamba kijiji hicho kiko safari ya siku moja tu kutoka hapa, kupitia Bunda na Musoma.

Lakini kuna upande mwingine wa maisha ya Misiani ambao si wa fedha, nao ndio unaonigusa zaidi. Yeye hakuuacha ule wajibu wa zamani wa mpiga nyatiti, yaani kuwasema wakubwa kwa mafumbo. Nyimbo zake zilijaa wanyama, methali na habari za Biblia, na wasikilizaji wake walijua nani anasemwa. Zaidi ya mara moja nyimbo hizo zilimtia matatani na dola, na alionyeshwa kwamba yeye ni mgeni ambaye anaweza kurudishwa kwao. Hata uzeeni hakunyamaza. Baada ya Kenya kubadilisha serikali mwishoni mwa mwaka 2002, wimbo wake Bim en Bim, maana yake nyani ni nyani, ulizungumzwa sana kama fumbo juu ya wanasiasa na ahadi zao.

Tazameni jinsi ulimwengu ulivyo. Alipowachezesha watu harusini, alikuwa ndugu yao. Alipowaburudisha katika kumbi za Kisumu, alikuwa mwana wa Nyanza. Alipoimba lisilopendwa na wakubwa, ndipo ilipokumbukwa kwamba alizaliwa Tanganyika. Nasi wa huku, ambao tungepaswa kusema huyu ni wetu, wengi tulikuwa tumekwisha kumwita Mkenya. Mtu huyo alilibeba jina la kijiji chake kwa miaka 40, lakini siku ya shida jina hilo lilikuwa hati ya mashtaka kule, na huku halikuwa na mtetezi.

Misiani alifariki dunia mjini Kisumu tarehe 17 Mei 2006 kwa ajali ya barabarani. Alikuwa na umri wa miaka 66. Mwaka 2008 asasi ya Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mkusanyiko wa muziki, filamu na kitabu juu ya historia ya benga, na kazi ya kumkumbuka yeye na wenzake ikawa imefanyika. Imefanyika Nairobi. Hatuwezi kuwanung'unikia Wakenya kwa hilo, tuwashukuru. Walimpa studio, walimpa soko, na alipokufa wakaandika historia yake. Swali linabaki kwetu.

Najua atatokea msikilizaji wa kuniambia: ndugu, mtu amekwisha kufa, unatuamsha kwa nini? Nawaamsha kwa sababu habari hii haijaisha. Kwa sheria za Kenya na za kwetu pia, haki ya mtunzi hudumu katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Misiani, hiyo ni hadi mwisho wa mwaka 2056. Nyimbo zake bado zinachezwa kwenye simu, kwenye intaneti, kwenye kumbi na kwenye mabasi. Aliyekufa ana warithi, na warithi wana haki. Hali ni hiyo hiyo kwa kila mzee aliyepiga bendi katika miji ya kando ya ziwa hili na ambaye sasa anakaa kimya nyumbani kwake, watoto wake wakidhani muziki ulikuwa upotevu wa wakati.

Na wapo walio hai na vijana. Leo kijana mwenye kipaji wa Igoma, wa Pasiansi au wa Musoma havuki mpaka kwenda Kisumu. Anapanda basi kwenda Dar es Salaam. Barabara ni nyingine, lakini safari ni ile ile: kipaji kinaondoka kwa sababu studio kubwa, mapromota na vituo vya kuamua nani asikike viko mbali. Huko anapewa karatasi asiyoisoma, anatia sahihi usiku huo huo, na wimbo unakuwa wa mwingine. Akivuma tutasema ni wa kwetu. Akidhulumiwa tutasema ni mambo ya mjini.

Basi tufanye nini? Mimi naona mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili.

La kwanza, sheria ipo, itumike. Tangu mwaka 1999 tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na ipo Ofisi ya Hakimiliki, ile ambayo wengi mnaijua kwa jina la COSOTA. Mwanamuziki asajili kazi yake kabla ya kuipeleka redioni. Kila wimbo uandikwe nani ametunga, nani ameimba, nani amepiga solo, rithim na besi. Ni kazi ya nusu saa. Ile karatasi ya katikati ya sahani imetufundisha nini kinatokea pale tusipoifanya.

La pili, tuwarekodi wazee wangali hai. Pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya mji huu, ngoma na mila za Wasukuma zilihifadhiwa kwa jitihada zilizoanzishwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950. Ikiwa ngoma za Bagalu na Bagika zimepata nyumba, kwa nini nyatiti na magitaa ya Shirati yasipate? Shule ya sekondari yenye mwalimu mwenye ari na simu moja ya kurekodi inaweza kuanza kesho.

La tatu, tuache tabia ya kumpima mtu kwa mpaka. Mwanamuziki wa kando ya ziwa anaweza kuwa wa Tanzania, akapendwa Kenya, akachezwa Zimbabwe, na asipunguke kitu. Wakuu wetu wa miji na mikoa wanapokutana na wenzao wa Kisumu na Uganda kuzungumzia samaki na meli, waongeze na muziki katika ajenda. Tamasha la benga linaweza kufanyika Shirati kwenyewe, mahali lilikotoka jina. Wageni watakula, watalala, watalipa, na watoto wa Nyamagongo wataambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kijiji chao kilisikika duniani kabla wao hawajazaliwa.

Ndugu wasikilizaji, mcheza kwao hutunzwa. Misiani alifanya sehemu yake: alicheza, na popote alipocheza alisema anatoka wapi. Kutunza si kazi ya mchezaji. Ni kazi ya wenyeji, na wenyeji ni sisi.